Hakuna Haraka: Shajara ya Deni Lisilo na Riba

Jumatatu, 24 Februari 2025

Mshahara umeingia saa nne asubuhi. Nilikuwa mwalimu wa zamu, nimesimama getini nikikusanya simu za wanafunzi, maana haziruhusiwi shuleni. Simu iliyolia ilikuwa yangu.

Bodi ya Mikopo imeshachukua asilimia 15 yake kabla sijauona mshahara wenyewe. Nikitoa kodi ya nyumba, chakula, nauli, LUKU, michango ya shule ya binti na sadaka, hubaki 150,000. Na kila mwezi najiuliza swali lile lile: niweke akiba au nimpelekee shemeji?

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ana meza ya nguo za watoto Kariakoo na ananidai 900,000. Zilikuwa 1,400,000. Nilizikopa Septemba 2023 tununue friza, mke wangu auze barafu, maji baridi na juisi ya ukwaju. Friza ilifika Jumanne. Mgao wa umeme ulifika Alhamisi. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024 na umeme ukaanza kutengemaa, kompresa ilikuwa imeshakufa. Sasa friza inahifadhi unga na vyeti vyangu vya chuo.

Shemeji hakuweka riba wala tarehe. Alisema tu, "Hakuna haraka." Amelisema neno hilo kwa miezi 17, na kila akilisema mimi huketi vizuri kitini kama mtu aliyeitwa jina.

Jumanne, 25 Februari

Kidato cha Pili B, kipindi cha methali. Nimeandika mbili ubaoni: "Akiba haiozi" na "Dawa ya deni ni kulipa." Nikataka waeleze matumizi yake.

Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu ana deni, halafu amepata hela kidogo. Afuate ipi?"

Nikasema methali hutumika kulingana na muktadha. Akasema muktadha ameshautaja.

Nikasema tutaendelea kipindi kijacho. Kengele ilikuwa bado dakika 25. Nikawapa insha.

Jumatano, 26 Februari

Nimempelekea swali la yule msichana mwalimu wa Hisabati, nikijifanya ni la mwanafunzi. Amelijibu akiniangalia mimi.

Anasema deni lisilo na riba hulipwa la mwisho. Mfumuko wa bei nchini ni karibu asilimia 3 kwa mwaka. Laki tisa nitakayoilipa mwakani itakuwa imepungua uzito kwa kama 27,000 ukilinganisha na ya leo. Kwa hiyo kila mwezi nikichelewa, nachuma. Hela iliyopo niiweke mahali inapozaa. Yeye amenunua vipande vya UTT na huvitazama kwenye simu wakati wa mapumziko, kama wenzake wanavyotazama mpira.

Deni lake la Bodi analiendesha hivyo hivyo. Tangu mwaka 2021 ilipofutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, salio lake halivimbi tena, linapungua tu kwa makato ya mwezi. Haliharakishi. "Anayekimbilia kulipa deni lisilokua," akasema, "anakimbizana na kobe."

Nikamwambia deni langu halikui lakini nakutana nalo kwenye misiba na harusi. Akasema hilo halimo kwenye fomula.

Ijumaa, 28 Februari

Nimeamua. Dawa ya deni ni kulipa. Nimemtumia shemeji 150,000 yote, pamoja na ya kutolea, kwa sababu mdaiwa hatumi hela ya kukatwa.

Amejibu baada ya dakika mbili: "Nimepata shem. Ila hakuna haraka."

Deni limebaki 750,000. Nimekula ugali kwa sauti. Mke wangu ameuliza kama ninaumwa. Nimelala saa tatu, usingizi wa mtu mwema.

Jumamosi, 1 Machi

Ufunguo umevunjikia ndani ya kitasa saa moja asubuhi, nasi tuko ndani. Nusu nilikuwa nayo mkononi, nusu ilikuwa na mlango. Madirisha yote yana nondo, maana niliwahi kuogopa wezi. Jirani amesimama nje akinipa pole kupitia nondo, kama aliyekuja na chakula cha mfungwa.

Ameniitia fundi. Fundi ametaka 35,000 pamoja na kitasa kipya. Mazungumzo ya bei yamefanyika mimi nikiwa ndani.

Wakati fundi anafungua, mke wangu akatangaza kutoka jikoni kwamba gesi imeisha. Mtungi mdogo ni 25,000. Jumla 60,000. Mfukoni nilikuwa na 4,200.

Kwenye simu kulikuwa na tangazo la mkopo wa dakika tano. Nimelitazama kwa muda. Nikakumbuka orodha ya Benki Kuu ya Novemba 2024, ile ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, ambayo mwalimu wa Hisabati aliibandika ukutani ofisini juu ya ratiba ya mitihani. Nikaliacha tangazo. Nikamwandikia shemeji: "Shem, ile ya jana, naomba unirudishie 60,000."

Ameituma pamoja na ya kutolea.

Deni sasa ni 810,000. Hela imetoka kwangu Mbagala ikalala Magomeni kwa shemeji na imerudi Mbagala asubuhi. Nauli yake ya kwenda nimelipa mimi, ya kurudi amelipa anayenidai. Nimeketi kwenye mlango uliokwisha kupona nikatafakari. Kosa halikuwa kulipa. Kosa lilikuwa kulipa mpaka senti ya mwisho.

Leo nilipaswa kwenda Magomeni kumfundisha mpwa wangu, yuko Kidato cha Nne. Nimeomba udhuru. Nimesema mlango.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Waislamu wa mtaani wamo kwenye Ramadhani, sisi tumeanza Kwaresma. Mwaka huu mama lishe wetu anapika kwa ajili ya watu wachache wasio na dini na madereva wawili wa bodaboda waliosema wako safarini.

Jioni nimekwenda dukani kwa Mangi. Nina ukurasa wangu kwenye daftari lake. Leo umefika 38,000. Mangi naye hatozi riba. Anaandika tu, kwa kalamu nyekundu.

Nimechukua mayai manne. Nyumbani moja limevunjwa likawa bovu, la harufu ya kukimbiza paka. Binti akasema turudishe. Nimevaa viatu, nimefika mlangoni, nimevua viatu.

Mwenye hela angerudi dukani na ganda mkononi, na angehamia duka la pili ambako sukari imepungua mia moja. Mimi nina ukurasa. Mwenye ukurasa hachagui yai. Nimeandika kwenye daftari langu mwenyewe: yai moja, riba.

Jumamosi, 8 Machi

Magomeni. Nimefika saa nane mchana. Kabla ya somo shemeji ameomba tusogeze kochi. Kochi la watu sita, na tulikuwa wawili, mmoja amefunga. Tumelipeleka dirishani. Dada akasema lilikuwa bora pale pale. Tumelirudisha.

Nimemfundisha mpwa uchambuzi wa fasihi kwa saa mbili. Kisha futari: uji wa pilipili manga, tambi, viazi, mihogo ya nazi. Shemeji amesimulia kisa chake cha mteja aliyerudisha soksi moja. Nimecheka. Nilikicheka pia Desemba na Januari.

Baada ya kula amezungumzia darsa la msikitini. Sheikhe alifundisha kuhusu aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, na kwamba aya yote hiyo ndefu ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na ya 280, aya mbili tu kabla yake, inahimiza mdaiwa aliyebanwa apewe muda.

Uji ulinikwama kooni.

"Sisi hatukuandikiana," nikasema.

"Sisi ni ndugu, shem," akasema. "Hakuna haraka."

Njiani kurudi, nimesimama kwenye daladala hadi Mbagala, nimehesabu kwa vidole: saa mbili za somo kila Jumamosi, kochi mara mbili, kisa cha soksi mara tatu. Hakuna hata kimoja alichonidai. Vyote nilivitoa mwenyewe, haraka haraka, kabla hajamaliza kuomba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea mwalimu wa Hisabati hesabu ya Jumamosi. Ameuliza masomo ya ziada mtaani hulipwaje. Nikasema 10,000 kwa kipindi. Akapiga: Jumamosi nne ni 40,000 kwa mwezi, 480,000 kwa mwaka, juu ya deni la 810,000. Riba ya asilimia 59. Akaizungushia duara nyekundu.

"Mwalimu," akasema, "benki ingekuhurumia."

Nyumbani nimemwonyesha mke wangu karatasi. Ameisoma akichambua mchele. Akauliza, "Ungekuwa hudaiwi, mtoto wa dada yako usingemfundisha?"

Nikasema ningemfundisha.

"Mjomba analipwa?"

Nikasema halipwi.

Akarudi kwenye mchele. Karatasi nimeiweka ndani ya friza, pamoja na vyeti. Sasa tatizo ni kubwa zaidi: sijui tena ni lipi ninalifanya kwa ujomba na lipi kwa deni. Hata kucheka. Huenda kisa cha soksi kinachekesha.

Alhamisi, 13 Machi

Tumeuza friza. Fundi wa majokofu ameizunguka mara mbili, akaipiga teke la kitaalamu, akasema 180,000 kwa ajili ya bodi tu. Tuliinunua 1,100,000. Nimetoa unga na vyeti. Nimemsindikiza fundi na mkokoteni wake hadi kona ya mtaa, sijui kwa nini.

Jioni kikao cha familia, wajumbe wawili. Mke wangu ametaka hela iende kwenye kikoba chake, inunue hisa. Kule, anasema, ukiweka unaandikwa, ukikopa unaandikwa, ukichelewa marejesho unapigwa faini mbele ya watu, na hakuna anayemwambia mwenzake "hakuna haraka." Anasema hilo ndilo neno ghali kuliko yote katika nyumba yetu.

Mimi nikasema friza ilinunuliwa kwa hela ya shemeji, kwa hiyo hata mzoga wake ni wa shemeji. Mke wangu akanikumbusha mlango.

Tumepatana kati kwa kati, yaani hatukupatana. Nimenunua kibubu cha mbao kwa seremala wa barabarani, kile cha kupigiliwa misumari kisifunguke mpaka kivunjwe. Noti 18 za elfu kumi, moja moja, kupitia tundu. Nimekiweka juu ya kabati. Hela kwenye simu huniishia, benki nina kadi ya kuitolea saa yoyote, lakini kibubu kina heshima. Nimelala nikikitazama. Akiba haiozi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza kubwa ya masika imenyesha usiku kucha. Bati limevuja mahali pamoja tu katika nyumba nzima. Mahali hapo ni juu ya kabati.

Asubuhi nimevunja kibubu. Noti zilikuwa zimeshikana kama chapati. Mke wangu amezibandua moja moja kwa kisu cha siagi na hakusema neno, na kutosema kwake kulikuwa kurefu. Akiba haiozi, lakini hulowa.

Tumezianika kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, uani. Jua lilikuwa zuri. Noti 18 zikipepea. Ilikuwa saa nne, watu wanatoka kanisani.

Wa kwanza kupita ni Mangi. Amesimama. Ametazama kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo ikihesabu. "Ticha, umeamkaje?" Baada ya dakika kumi amerudi na daftari kwapani. Ukurasa wangu umefika 47,500. Nimemlipa hela yenye unyevu. Amechora mstari kwa kalamu nyekundu.

Wa pili ni jirani, yule wa kwenye nondo. Mtoto wake anadaiwa hela ya mitihani, 20,000, atarudisha mwisho wa mwezi. Sikuweza kumwambia sina. Nilikuwa nimesimama chini ya hela. Nimembandulia mbili, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hakuna haraka."

Wa tatu ni dada yangu. Hakuwa amesema kwamba anakuja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Amezitazama noti. Mimi nimemtazama yeye. Nilikuwa na maelezo marefu: friza, mlango, kibubu, bati. Dada amesogea kwenye kamba, akaibandua noti moja, akaigeuza ikauke upande wa pili, akaibana tena. Kisha akaingia ndani kumsalimu wifi yake.

Fundi wa bati, lami na misumari: 12,500. Zimebaki 100,000.

Jumamosi, 22 Machi

Magomeni. Shemeji yuko Kariakoo, ni wiki ya mwisho ya Ramadhani na wazazi wananunua nguo za Idi. Kochi limehamishwa tena. Sikuuliza nani alisaidia.

Mada ya leo ilikuwa misimu, yale maneno yanayozuka mitaani kwa kipindi, mengine yakafa, mengine yakaingia kwenye lugha sanifu. Nimemwambia mpwa ataje mfano. Ametaja "kausha damu," yaani mikopo ya riba kali. Nikampongeza. Nikasema tunga sentensi.

Akaandika: "Baba alichukua kausha damu mwezi wa kwanza ili aongeze mzigo wa Idi."

Sentensi ni sahihi kisarufi. Nimeiwekea vema.

Kisha nikamuuliza ni sentensi ya kutunga au ya kweli. Akasema mwalimu wao huwaambia watoe mifano kutoka kwenye mazingira yao. Laki tano, mjomba. Alitakiwa arudishe laki sita ndani ya mwezi. Mzigo ulichelewa, akaongezewa mwezi kwa laki moja nyingine.

Mwezi wa kwanza naukumbuka vizuri. Ndio mwezi niliomwambia shemeji kwamba Januari imenibana, nitampunguzia mwezi unaofuata. Akasema hakuna haraka. Akavuka barabara, akaingia kwenye kile chumba chenye meza moja na kiti kimoja, akakopa hela ambayo yote na zaidi ilikuwa mfukoni mwangu, kwa sura ya friza iliyokufa.

Laki mbili za riba mpaka sasa. Ile duara nyekundu ya mwalimu wa Hisabati ilikuwa sahihi kwa hesabu, ila ilimzunguka mtu siye. Deni langu lilikuwa na riba siku zote. Nilikuwa siioni kwa sababu mlipaji hakuwa mimi.

Tumeendelea na misimu hadi saa kumi.

Jumanne, 25 Machi

Mshahara uliingia jana. Imebaki 150,000, kama kawaida. Na 100,000 ya kibubu, iliyopigwa pasi.

Leo sikumuuliza mtu. Nimefungua shajara hii nikasoma ajali zangu za mwezi mmoja: mlango na gesi 60,000, bati 12,500, yai. Nikarudi kwenye daftari la mwaka jana: koki, jino la binti, msiba wa Kilosa, miwani. Hakuna ajali iliyozidi laki moja kwa mkupuo. Zote zilinipata mikono mitupu, na kila mara nilikwenda kukopa kwa yule yule niliyekuwa namlipa.

Kwa hiyo laki moja haiguswi. Hiyo si utajiri, ni kitasa cha akiba. Imekwenda benki, kwenye akaunti isiyo na kadi, ili nikiitaka nipange foleni na nifikirie nikiwa kwenye foleni.

150,000 ya mwezi huu yote kwa shemeji. Deni linabaki 660,000. Kuanzia Aprili, 110,000 kila tarehe 25 kwenda Magomeni na 40,000 kwenda benki. Miezi sita. Septemba deni linakwisha, miaka miwili kamili tangu friza ishushwe kwenye Kirikuu, na akiba itakuwa 340,000 kama mbingu na bati vitanisikiliza. Nimeandika yote kwenye karatasi yenye mistari, tarehe upande wa kushoto, nafasi ya saini upande wa kulia.

Bodi ya Mikopo naiacha iendelee kukata yake kwa mwendo wake. Deni lile lina mkataba, tarehe na karani, nami sijawahi kulibebea kochi. Marejesho yangu husaidia kukopesha wanaokuja nyuma, na mpwa yumo njiani.

Mwalimu wa Hisabati ameiona karatasi. Amesema kwa mfumuko wa bei napoteza faida kidogo. Nikamwambia ipo kwenye meza ya mtu Kariakoo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Walioufuata mwezi wa mbali walisali jana, kina shemeji wa Magomeni leo. Pilau imeiva saa saba.

Nimempa shemeji 150,000 mkononi, pembeni, karibu na kochi.

"Hakuna haraka, shem," akasema.

"Ipo," nikamwambia.

Amemtazama mwanawe. Mwanawe ameitazama pilau.

Nimemkabidhi na karatasi. Ameisoma mara mbili, kidole kikishuka toka Aprili hadi Septemba. "Hii sasa ndiyo Baqara," akasema. Akaomba kalamu, akasaini, akamwita dada awe shahidi. Dada akasaini akiwa na mwiko mkononi. Kuna tone la mafuta kwenye mwezi wa Juni.

Kausha damu hatukuitaja. Ila dada amenipakulia nyama tatu. Idi iliyopita ilikuwa moja.

"Jumamosi utakuja?" shemeji ameuliza nilipoaga.

"Nitakuja. Mimi ni mjomba."

Kisha akanisimulia kisa cha soksi, chote, tangu mwanzo. Nimekisikiliza hadi mwisho kama mtu anayekisikia kwa mara ya kwanza. Sikucheka. Si kisa kibaya, lakini hakichekeshi.

Jumanne, 1 Aprili

Mwisho wa mwezi umepita. Asubuhi jirani ameniona kwa mbali akapita njia ya nyuma, ile yenye matope. Ananidai salamu na anadaiwa 20,000. Nimemfuata. Nimemwambia alete 5,000 kila Ijumaa, kwa Ijumaa nne, na Ijumaa ya kwanza ni hii. Ameshusha pumzi kwa sauti, akanisalimu, akaniulizia mlango.

Baadaye nimenunua mayai manne kwa Mangi, taslimu. Moja lilikuwa bovu. Nimelirudisha.